Kijana anataka kusomea tromboni Marekani: mzazi, usikimbilie kusema hapana

Jumapili moja baada ya ibada, mtoto wa dada yangu alimwambia baba yake kwamba anataka kwenda chuo kikuu kusomea tromboni.

Shemeji alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini. "Kusomea nini?"

Kijana akarudia.

"Tromboni ni ya Jumapili," shemeji akasema. "Jumatatu mpaka Ijumaa utakula nini?"

Mimi ni mama mdogo, na kazi ya mama mdogo katika nyumba ni kukaa katikati. Nikanyamaza kwanza. Kijana huyu alianza kupuliza matarumbeta ya kanisani akiwa na miaka kumi, ala yenyewe ikiwa ndefu kuliko mkono wake. Huko kwetu Moshi, bendi ya matarumbeta ni sehemu ya usharika kama kengele ilivyo. Hakuna harusi wala msiba bila hiyo. Lakini kijana huyohuyo alikuwa amesoma PCM na kupata daraja la kwanza, na shemeji alikwishamuona akiwa mhandisi.

Ninayaandika haya kwa sababu kila muhula napokea ujumbe wa mzazi ambaye mtoto wake ana kipaji cha muziki na amesikia kwamba kuna vyuo vikuu vikubwa Marekani vinavyofundisha muziki kwa dhati. Mzazi anauliza mambo matatu: ni kweli? Anaingiaje? Nani atalipa? Nitajibu kwa yale tuliyopitia sisi, pamoja na makosa yetu.

Jina lililomfanya shemeji asikilize

Jioni ile kijana alileta karatasi yenye orodha ya vyuo. Shemeji akaisoma kwa kutimiza wajibu tu, mpaka akafika kwenye Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, na shule yake ya muziki iitwayo Bienen.

"Bienen? Yule wa kitabu cha TANU?"

Shemeji alisoma sayansi ya siasa Mlimani. Henry Bienen ni mtaalamu wa siasa aliyeandika kitabu kuhusu TANU na uchumi wa Tanzania, kilichotoka mwaka 1967. Baadaye, kuanzia 1995 hadi 2009, akawa rais wa Northwestern. Shule ya muziki ya chuo hicho ilianza mwaka 1895, na mwaka 2008 ikapewa jina lake na la mke wake, Leigh.

Hilo halikumpa kijana nafasi. Ila lilimfanya baba yake avute kiti. Mpaka dakika ile alidhani shule ya muziki ni mahali pa kufundishia wasanii wa jukwaani. Sasa akaona ni shule ndani ya chuo kikuu, kama shule ya sheria au ya uhandisi ilivyo.

Ni shule ya namna gani?

Marekani kuna shule za muziki zinazosimama peke yake, kama Juilliard ya New York na Curtis ya Philadelphia. Kuna pia zilizo ndani ya vyuo vikuu vinavyochuja sana wanafunzi: Bienen ndani ya Northwestern, Shepherd ndani ya Rice kule Houston, Thornton ndani ya USC kule Los Angeles, Blair ndani ya Vanderbilt, Eastman ndani ya Chuo Kikuu cha Rochester, Peabody ndani ya Johns Hopkins. Chuo Kikuu cha Michigan nacho kina ya kwake.

Jihadhari na majina. Shule ya Muziki ya Yale, kwa mfano, kwa miaka mingi sasa haitozi ada ya masomo, na habari hiyo huzunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp. Lakini ile ni ya shahada za juu. Mtoto aliyetoka kidato cha sita haombi huko.

Faida ya shule iliyo ndani ya chuo kikuu ni kwamba mtoto hafungiwi mlango mmoja. Kuna shahada ya muziki yenyewe, Bachelor of Music, ambayo kwa kawaida takribani theluthi mbili ya masomo yake ni muziki: ala, nadharia, historia, okestra. Kuna pia Bachelor of Arts yenye muziki kama somo kuu, ambayo humwachia mwanafunzi nafasi kubwa ya masomo mengine. Baadhi ya vyuo huruhusu shahada mbili kwa pamoja. Northwestern wana mpango wa miaka mitano ambao mtu anaweza kutoka na muziki na shahada nyingine, hata uhandisi.

Shemeji aliposikia neno uhandisi, akamimina chai nyingine.

Milango miwili, funguo mbili

Hapa ndipo wazazi wengi huteleza. Kwenye shule hizi mtoto hupimwa mara mbili. Ofisi ya udahili ya chuo huangalia matokeo ya darasani, insha na barua za walimu. Walimu wa muziki nao humsikiliza akipiga. Mpigaji hodari mwenye matokeo mabaya hukwama kwenye mlango wa kwanza. Mwenye daraja la kwanza asiyeimudu ala yake hukwama kwenye wa pili. Na vyuo vyenyewe ni vigumu hasa: Northwestern hukubali chini ya waombaji 10 katika kila 100.

Kuna jambo la tatu ambalo hakuna aliyetuambia mapema. Nafasi hutegemea ala. Okestra ya kawaida huhitaji wapiga tromboni watatu, wakati wapiga fidla huweza kuzidi ishirini. Kwa hiyo mwalimu wa tromboni hana haja ya wanafunzi wengi, na kila mwaka huchukua kulingana na waliohitimu. Wasipohitimu, hakuna viti. Mtoto anaweza kukataliwa si kwa sababu hafai, bali kwa sababu amefika mwaka ambao viti vimejaa.

Ndiyo maana inafaa mtoto amwandikie mwalimu wa ala yake mapema, kwa adabu na kwa ufupi: mimi ni fulani, napiga ala hii, naomba kujua mwakani mnatarajia nafasi ngapi, na kama inawezekana kupata somo moja la majaribio kwa video. Si kila mwalimu hujibu. Kijana wetu aliandikia sita, wakajibu watatu. Mmoja wao alimwambia ukweli: mwaka huu nina nafasi moja, mwakani nitakuwa nazo mbili. Ishike sentensi hiyo, nitairudia.

Video yenye maua

Kwa ala nyingi, kabla ya usaili wenyewe kuna mchujo. Mtoto hurekodi vipande vilivyotajwa na chuo na kuvituma kwa mtandao. Akipita, huitwa kwenye usaili wa Januari au Februari, ana kwa ana au kwa video nyingine. Vipande hutofautiana kati ya chuo na chuo. Kwa tromboni kijana aliombwa ngazi za muziki, mazoezi ya sauti ndefu, kipande cha kujionyesha kama Concertino ya Ferdinand David, na sehemu za okestra kama ile solo ya tromboni kwenye Requiem ya Mozart.

Tulirekodi kwenye ukumbi wa usharika, wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho. Simu tuliiegemeza kwenye rundo la vitabu vya nyimbo. Mvua ikanyesha juu ya bati. Tukasubiri ikatike. Umeme nao ukakatika.

Saa mbili usiku tulikuwa na vipande vinne, viwili vizuri na viwili vya kuungaunga. Mimi, kwa upendo wangu wote, nikasema tumpelekee kijana mmoja wa studio mjini, anayetengeneza video za harusi, avisafishe.

Alivisafisha kweli. Aliunganisha mwanzo wa kipande kimoja na mwisho wa kingine, akaongeza mwangwi ukumbi usikike kama kanisa kuu, akaandika jina la kijana kwa herufi za dhahabu zinazozunguka, na pembeni akaweka maua yanayofunguka.

Tulifurahi. Tukatuma kwa vyuo sita.

Maelekezo ya vyuo hivyo yalisema wazi kwamba kila kipande kipigwe mfululizo, bila kukatwa wala kuongezewa chochote. Hatukuyasoma mpaka mwisho. Vyuo vinne vilimwacha kwenye mchujo, na sina sababu ya kuwalaumu. Mwalimu anayesikiliza anataka kujua mtoto hupumuaje, hukosea wapi na hurudi vipi baada ya kukosea. Sisi tulimpelekea harusi.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu: simu nzuri inatosha kwa picha. Kipaza sauti kidogo cha nje kinasaidia zaidi kuliko taa. Tafuta chumba kisicho na mwangwi mkubwa wala bati tupu. Mtoto aonekane uso, mikono na ala. Rekodini mwezi mzima kabla, ili mvua isiwe na neno. Na msiguse kitu baada ya kurekodi.

Kalenda yao, kalenda yetu

Kwao mwaka wa masomo huanza Agosti au Septemba, na maombi hufungwa karibu mwaka mzima kabla. Ombi la mapema kwa vyuo vingi ni tarehe 1 Novemba. Shule nyingi za muziki hutaka video za mchujo kufikia tarehe 1 Desemba au karibu na hapo. Majibu hutoka Machi mwishoni, na mtoto huamua kufikia tarehe 1 Mei.

Kwetu kidato cha sita hufanya mtihani Mei, matokeo hutoka Julai, na kijana huenda JKT. Kijana wetu alirudi JKT akiwa mkakamavu na midomo imelala. Mpigaji wa ala ya kupuliza akikaa miezi mitatu bila ala, midomo hupoteza nguvu kama mguu uliotoka kwenye plasta. Ilimchukua wiki sita kurudi alipokuwa. Hesabuni hilo mapema.

Jingine ni fomu za shule. Vyuo vingi hutumia mfumo mmoja wa mtandaoni uitwao Common Application, na fomu zake humtaja mshauri wa wanafunzi, mtu ambaye shule zetu nyingi hazina. Mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma anaweza kujaza. Nenda mwenyewe ukamweleze, tena kabla ya likizo ya Desemba. Mkuu wa shule wa kijana wetu hakuwahi kuiona fomu ile, lakini alipoelezwa aliijaza kwa moyo. Barua ya mwalimu wa muziki iandikwe na mtu aliyemfundisha kweli, hata kama ni kiongozi wa bendi ya kanisani asiye na cheti cha muziki. Anayemjua mtoto huandika vizuri kuliko mwenye cheo.

Kuhusu mitihani ya Kiingereza na SAT, kila chuo kina sheria yake na hubadilika. Soma ukurasa wa chuo chenyewe, usiamini picha iliyotumwa kwenye kundi.

Kukubaliwa si kulipiwa

Sasa fedha. Kwenye vyuo binafsi vya aina hii gharama za mwaka mmoja, yaani ada, chumba na chakula, huzidi dola 80,000. Kwa pesa zetu ni zaidi ya shilingi milioni 200. Kwa mwaka mmoja. Usizimie. Familia nyingi hazilipi kiasi hicho, lakini ni lazima ujue msaada unatoka wapi.

Kuna msaada unaotokana na hali ya familia. Mzazi hujaza fomu ndefu ya mapato na mali, mara nyingi ile iitwayo CSS Profile. Jaza ukweli, pamoja na mahindi ya shamba. Kuna pia tuzo ya kipaji, ambayo shule ya muziki hutoa kwa wale inaowahitaji. Vyuo vingine hutoa zote mbili, vingine moja tu.

Jambo la kujua kwa sisi wa nje ni hili: vyuo vingi huangalia uwezo wa kulipa wakati wa kuamua nani aingie, kama ni mwanafunzi wa kigeni. Kuomba msaada kunaweza kupunguza nafasi yake. Lakini kutoomba, halafu mkakosa ada, ni balaa zaidi, kwa sababu vingine havikubali ombi la msaada lililochelewa. Ombeni tangu mwanzo. Na lile ombi la mapema la Novemba, kwenye vyuo vingi ni ahadi: akikubaliwa anakwenda. Msilisaini kama hamjaelewa hesabu.

Ada ya kutuma ombi nayo hulipwa kwa kila chuo, lakini mwenye hali ngumu anaweza kuomba asamehewe. Tuliomba, tukasamehewa kwa vyuo vinne kati ya sita. Ofisi ya EducationUSA, ambayo ni ya serikali ya Marekani na ipo pia Dar es Salaam, hutoa ushauri, na huduma zake nyingi ni bure. Wakala anayekuahidi nafasi kwa malipo, mwogope. Na masharti ya viza hubadilika, mara nyingine ghafla na kwa nchi yetu moja kwa moja. Uliza ubalozini kabla hujauza kitu.

Kiwanja

Mwaka ule wa kwanza, chuo kimoja kati ya viwili vilivyobaki kilimkataa baada ya usaili. Kilikuwa ni cha yule mwalimu mwenye nafasi moja. Kingine kilimkubali. Kilimpa tuzo, lakini pakabaki pengo la dola 18,000 kila mwaka.

Nyumba ilishangilia siku mbili. Siku ya tatu shemeji, yule yule wa tromboni ya Jumapili, alisema atauza kiwanja cha njia ya Boma. Dada yangu akalia. Mimi nikasema kiuzwe. Nakiri hapa mbele yenu nilisema hivyo.

Kijana alikaa kimya mpaka tulipomaliza kusema. Kisha akasema, "Baba, kiwanja cha mwaka wa kwanza tunacho. Cha mwaka wa pili kiko wapi?"

Hakuna aliyejibu.

Aliandika barua kwa ofisi ya msaada akaomba wafikirie upya, na hilo linaruhusiwa. Wakaongeza kidogo. Haikutosha. Tarehe 1 Mei ilipofika alikataa nafasi ile kwa mkono wake, akaenda ukumbini, na usiku ule tulimsikia akipiga ngazi zilezile mpaka walinzi wakamwomba alale.

Mwaka uliofuata alifundisha watoto wa bendi, akafanya kazi ya kuingiza data kwenye kampuni ya utalii, na akapiga kila siku. Video ya pili tuliirekodi Oktoba, kwenye darasa lenye dari, bila maua. Aliomba vyuo vinne. Yule mwalimu wa nafasi moja sasa alikuwa na mbili, na alimkumbuka kwa ile barua ya kwanza. Safari hii msaada ulifunika karibu kila kitu. Familia ilibaki na tiketi, bima na makoti, na kwa hayo ndugu tulichanga. Kiwanja kipo.

Angeweza pia kukosa mara ya pili. Nyumbani tulikuwa tumelizungumza hilo: asipopata, nafasi ya uhandisi hapa nchini ilikuwa imeombwa, na tromboni ingeendelea Jumapili bila aibu. Mtoto aliomba akiwa na pa kurudi. Naamini hilo ndilo lililomtuliza siku ya usaili.

Kaa naye jioni moja

Ukiwa na mtoto wa aina hii, kabla ya kusema ndiyo au hapana, muulize maswali haya na uandike majibu:

Akikosa okestra, anataka kufanya nini na shahada hiyo: kufundisha, kurekodi, kutunga, au kazi nyingine kabisa?

Anataka muziki peke yake, au muziki pamoja na somo jingine?

Je, hupiga hata siku ambayo hakuna anayesikiliza?

Kwa kila chuo alichoandika, ni nani mwalimu wa ala yake, na mwakani ana nafasi ngapi?

Familia inaweza kutoa kiasi gani kila mwaka kwa miaka minne, bila kuuza kinachowalisha wadogo zake?

Asipopata, tutafanya nini?

Mtoto aliye tayari ataumia na maswali haya kidogo, halafu atakwenda kutafuta majibu. Asiye tayari ataona mwenyewe, nawe hutakuwa umemvunja moyo.

Juzi shemeji alinitumia sauti ya mazoezi ya okestra huko kwa kijana. Dakika tano nzima za fidla, tromboni haisikiki. Nikampigia kumuuliza mwanetu yuko wapi humo.

"Subiri," akaniambia. "Anahesabu. Zamu yake bado."